Kinapita Nini?

Tone moja tu, chini ya kichwa cha pampu,
na karatasi niliyoitandika jana imeota duara jeupe,
chumvi kavu, kama jasho kwenye kofia
ya mchukuzi anayepanda Kadutu na gunia la saruji.

Presha inayumba. Mia na tisini, mia na themanini na mbili, tena mia na tisini.
Mstari kwenye skrini unatetemeka
kama mkono wa mtu aliyekumbushwa deni.
Daktari Cirhuza amesimama mlangoni mara mbili asubuhi hii:
"Nsimire, vidonge vya Walungu vinasubiri."
Vinasubiri, ndiyo.
Homa ya Walungu je, nayo inasubiri?

Nafungua. Spana ya kumi na nne, nusu mzunguko,
na mchi mwembamba unatoka,
yakuti tupu, ghali kuliko pete yangu ya ndoa
(mume wangu asisikie).
Hauna mkwaruzo. Mwenye kosa ni yule anayeukumbatia:
kipete cha kuzibia, mdomo umelika upande mmoja,
springi imechungulia nje kama ubavu.

Nilizo nazo ni mbili. Zimetoka Kigali
ndani ya soksi ya dereva,
maana pale Ruzizi hakuna aliyejua
kitu cha ukubwa wa punje ya hindi kinatozwa kodi gani.

Hii nyeusi, tefloni iliyokandwa na grafiti.
Haibagui. Ipe kloroformu, ipe hekseni, itapokea.
Lakini chumvi huisaga, nayo hutema masizi
mpaka chujio linafanana na tako la sufuria.
Hii nyingine, rangi ya asali changa, ni polithini nzito.
Chumvi huisugua ikachoka yenyewe.
Ila kiyeyushi kikali huivimbisha,
nayo hubana mchi hadi pampu ilie.

Mwaka wangu wa kwanza nilichukua nyeusi.
Nani asiyetaka rafiki wa wote?
Nikajisifu Juni nzima.
Agosti ikanikuta napangusa masizi,
naandika "imerudiwa" kando ya kila jibu.

Zihalirwa, aliyenifunza kazi hii
kabla hajaenda Uvira kuuza simu,
hakuwahi kuniuliza pete ipi ni nzuri.
Kalamu sikioni, mdomo umejaa karanga:
"Kinapita nini?"

Hapa kinapita maji ya ziwa, yamekenekwa mara mbili,
methanoli, na fosfeti,
saa kumi kwa siku umeme ukipenda.
Usipopenda, fosfeti inalala humo, inakauka,
inaotesha meno kwenye yakuti.
Umeme ukirudi, mchi wenye meno
unaingia kwenye mdomo laini.
Pete hufia hapo, kwenye kusimama.

Basi ya asali.
Daktari anakunja uso: "Na magome ya yule mtafiti,
yanayotaka kloroformu?"
Hayatapita hapa, namwambia.
Ananitazama kana kwamba nimemnyima chumvi.
Atafute pampu yake.

Naichovya kwenye spiriti. Naisukuma kwa kidole gumba,
springi ikielekea kwenye presha.
Bisibisi ibaki mbali; mkwaruzo mmoja ni mlango.
Nyuma yake natundika chupa ndogo,
maji na spiriti kiasi,
idondoke polepole, iuoshe mgongo wa yakuti.

Saa tisa. Mia na tisini. Mia na tisini.
Mia na tisini na moja.
Karatasi mpya, kavu.
Vidonge vya Walungu vinaingia, nami nakaa na chai iliyopoa
hadi kwinini inapanda: kilele kimoja, chembamba, kizuri,
kifupi.

Kifupi mno. Narudia.
Kifupi vilevile, nusu ya kilichoandikwa kwenye boksi.

Jana ningesema ni pampu.